Ninauziwa Martini ya zamani, nichukue?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nipo Leicester huku Uingereza, nina miezi minne kwenye klabu ya shabaha na nshakubaliwa memba kamili. Mzee mmoja pale klabu anaacha kulenga, ananiuzia bunduki ya BSA Martini Model 12 ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi), mbao zake zinang'aa balaa. Mshkaji wangu anasema ni antiki kwahiyo haina haja ya leseni. Kweli? Na niangalie nini kabla sijatoa hela?
Msomaji, Leicester

JIBU: Ndugu yangu, kwenye leseni mshkaji wako asikuponze. Martini-Henry ya jeshi, ile iliyoingia kazini 1871 na inakula risasi ya .577/450 iliyopitwa na wakati, unaweza kuitundika ukutani kama pambo bila cheti (ndo hiyo leseni ya polisi), ila siku unataka kuipiga tu cheti lazima. Hiyo yako ni .22, risasi inayouzwa kila duka la bunduki mpaka leo, kwahiyo msamaha wa antiki hauigusi kabisa hata ingekuwa na miaka mia na zaidi. Anza polisi kwanza, hela baadaye.

Sasa mbao sahau kidogo, angalia mtutu. Hizi bunduki zilitengenezwa Birmingham kwa ajili ya klabu ndogondogo zilizozaliwa kutokana na vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, Lord Roberts, jenerali wa Uingereza, alisukuma sana watu wa kawaida wajue kulenga na chama cha klabu hizo kikaanzishwa 1901, wakawa wanapiga yadi 25 ndani ya ukumbi, na risasi za enzi hizo fataki zake (zile zinazowasha baruti) ziliacha chumvi ndani ya mtutu, mtu asiposafisha usiku uleule kutu inakula. Chomoa pini moja, mashine yote inatoka kipande kimoja (mi hapo ndo naipendea Martini, fundi aliyebuni hii alijua kazi), halafu chungulia kwenye mwanga toka nyuma. Mifereji ya ndani ya mtutu iwe na kona kali, na ukiona vishimo vyeusi karibu na chemba (pale inapokaa risasi) bei ishuke au uiache. Angalia na mdomo wa mtutu, wengi walikuwa wanaingiza fimbo ya kusafishia kwa mbele mpaka wanauchubua, wewe safisha kwa nyuma siku zote. Kitako kikague nyuma ya chuma kama kina ufa. Na usije ukaipiga msasa wala kuipaka rangi mpya, utaua thamani yake!

Risasi tumia za shabaha za mwendo wa chini, zile za kasi kubwa waachie wawindaji.

Muombe mzee mpige wote risasi kumi pale klabu ukiwa umelala kifudifudi na mkanda wa bunduki mkononi. Na kama kilengeo cha nyuma cha kampuni ya Parker-Hale bado kipo hakikisha kimo ndani ya bei, maana kukitafuta peke yake utazunguka sana.