Jibu la msomaji: Kujitolea kwa mikoko kusiishie siku ya kupanda

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama watu wa kawaida, kwa kujitolea tu, wanaweza kurejesha na kulinda ardhi oevu iliyo karibu nao, au kazi hiyo ni ya serikali na wataalamu. Mimi ni mkazi wa pwani ya kusini ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, na ardhi oevu tuliyojaliwa huku ni mikoko. Kwa hiyo nitajibu kwa mikoko. Wanaweza, lakini si kwa namna tuliyoizoea ya kuja na basi asubuhi, kugawiwa fulana, kuchomeka miche topeni, kupigwa picha na kuondoka kabla maji hayajajaa.

Ubaya wa siku kama hizo huanzia mahali panapochaguliwa. Mikoko haioti popote penye tope na maji ya chumvi. Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na kila aina hukaa mahali pake kulingana na muda ambao ardhi hufunikwa na maji. Mlilana husimama mbele kabisa ukiikabili bahari. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, hufuata kandokando ya mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu. Mkandaa hukaa nyuma yake, panapofikiwa na maji mara chache zaidi. Na mchu, mvumilivu kuliko wote, huonekana mbele na vilevile nyuma kabisa, kwenye ardhi ya chumvi kali inayofikiwa na maji ya bamvu peke yake, yale yanayojaa juu kuliko siku nyingine. Wageni hupendelea kupanda mkoko, kwa sababu mbegu yake ndefu huota ikiwa ingali mtini na ni rahisi kuiokota na kuichomeka. Matokeo yake huchomekwa hata kwenye tope tupu lililo chini mno, ambako mche huzama kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili. Nchini Ufilipino, ambako upandaji wa namna hiyo umegharimiwa kwa miongo kadhaa, watafiti walikuta kwamba katika miradi mingi miche iliyosalia hai ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20. Pengine mahali palipoonekana patupu palikuwa na nyasi za baharini wanapolishia samaki, na kupanda hapo ni kuharibu ardhi oevu moja kwa jina la kurejesha nyingine. (Hotuba za wageni rasmi nilizozisikia zote zilitaja idadi ya miche iliyopandwa, iliyobaki hai haikutajwa hata mara moja.)

Pengine hakuna haja ya kupanda kabisa. Palipo na miti mizazi jirani, na maji yakawa yanaingia na kutoka bila kizuizi, mbegu hujileta zenyewe, na kazi ya mwenye kujitolea ni kuondoa kinachozizuia: kuzibua mkondo uliozibwa na tuta la barabara, kuzoa plastiki iliyofunika miche, kuwazuia mbuzi. Chanzo cha madhara chaweza hata kuwa mbali na bahari. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi hori la Mwache, karibu na Mombasa, ukafukia mizizi ambayo miti hupumulia, na sehemu kubwa ya msitu ikafa imesimama. Anayejitolea kuchimba matuta ya kuzuia udongo katika mashamba ya bara huko juu huilinda mikoko ingawa hajawahi kukanyaga tope lake.

Kuhusu ulinzi, mfano ulio karibu nami ni Gazi. Mikoko ya huko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda na nguzo za kujengea, na tangu miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya wamekuwa wakiirejesha pamoja na wanakijiji. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, hulinda hekta 117 na kuuza haki za kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu huizuia isiende angani, za takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zake zimelipia maji na mahitaji ya shule. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo udongoni, msitu mkongwe usiokatwa una thamani kuliko miche mingi mipya. Wenyeji walipanda pia mivinje, miti ya kukatwa badala ya mikoko, maana anayejenga nyumba atahitaji fito na nguzo hata tukimhubiria vipi. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanzisha mradi wao mwaka 2019.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba moyo wa kujitolea unatosha. Mgeni hutoa siku yake ya mapumziko, lakini mama anayeishi kwa kuokota chaza akitoa siku nzima hukosa kitoweo cha jioni, na si haki kumtaka alinde msitu bure maisha yake yote. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaviruhusu vyama vya jamii kuingia mkataba na Huduma ya Misitu ya Kenya na kupata haki katika msitu wanaoutunza. Ila mkataba huo unadai mpango wa usimamizi, mihtasari ya vikao, hesabu zilizokaguliwa na mtu wa kufuatilia barua ofisini miezi kwa miezi. Wasomaji wa mjini wenye ujuzi huo wangetusaidia zaidi kwa kalamu kuliko kwa miche. Kikundi chetu kinamhitaji mtu wa namna hiyo hata sasa. Wa kupanda tunao.