Tatuu ya kwanza kifuani, kwa mafuta ya korosho: tabibu wa ngozi anajibu

SWALI: Tabibu, shikamoo. Nina miaka 22, naishi Tandahimba. Mama alifariki mwaka jana, nataka kuandika jina lake kifuani upande wa moyo. Rafiki yangu anachora bure kwa mafuta ya ganda la korosho, anasema ni kitu cha asili, hakina madhara. Mtwara mjini yupo fundi wa mashine, ila bei yake kubwa. Kinachonitia hofu, dada yangu alitoboa sikio na sasa limeota nundu kama kokwa. Je, inanihusu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Nianze na sikio la dada yako, kwa sababu ndilo lililo muhimu kuliko yote uliyoandika. Nundu ya namna hiyo kwa kawaida ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua hata baada ya kidonda kupona, likavuka mpaka wa jeraha lenyewe. Keloidi hutembea kwenye ukoo, na sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. Ina mahali inapopapenda: ndewe za masikio, taya, mabega, mgongo wa juu, na kifua. Ndiyo, inakuhusu, na umechagua mahali pabaya.

Najua vijana hunijibu, "Mbona nilianguka na pikipiki, goti likapona laini?" Goti si kipimo, maana keloidi ni nadra pale. Tazama kovu la chanjo begani na makovu ya chunusi kifuani. Yakiwa yameinuka, magumu, yanawasha, usiguse kifua kabisa. Na hata yakiwa laini, kwa historia ya dada yako mimi bado nakukataza kifua. Keloidi ya tatuu haionekani wiki ya kwanza. Inaweza kuanza miezi kadhaa baadaye, herufi zikavimba moja baada ya nyingine mpaka jina la mama lisisomeke. Ukienda kulikata kovu hilo tu, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko la kwanza.

Sasa korosho. Mafuta ya ganda yana asidi ya anakadiki na kadoli, vitu vinavyounguza ngozi. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua vidole vinavyochubuka. Rafiki yako hatakuchora, atakuunguza: malengelenge kwanza, halafu kidonda, halafu weusi usio na mstari safi, au kovu. Moto wa namna hiyo kifuani ni mwaliko wa keloidi. Tena mwili unaweza kujenga mzio wa kudumu, ukawa unatokwa na upele kila ukigusa maganda ya korosho, hata utomvu wa embe, kwa kuwa miti hiyo ni ya familia moja. Kwa kijana wa Tandahimba, ambako msimu wa korosho ndio mfuko wa nyumba, hilo si jambo dogo.

Neno "asili" lisikupumbaze. Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa nembo usoni kwa chuma na kupakwa mkaa, na ninaziheshimu sana alama zile, lakini kabla ya kuwa urembo zilikuwa jeraha.

Mashine nayo hutia wino milimita 1 hadi 2 ndani ya ngozi. Seli za kinga humeza chembe za wino, haziwezi kuzisaga, zinakaa nazo. Zikifa, nyingine huzimeza tena. Ndiyo maana haitoki. Kwa hiyo ukiamua, nenda kwa fundi, na umwombe mkono, upande wa ndani chini ya kiwiko. Hatari ya keloidi pale ni ndogo, ingawa haijaisha. Chagua wino mweusi na herufi kubwa zenye nafasi. Nyekundu ndiyo inayoongoza kwa mzio. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako, wembe uwe mpya, wino umiminwe kwenye kikombe kidogo na unaobaki umwagwe. Akikasirika ukiuliza, ondoka. Virusi vya homa ya ini B huishi siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, kwa hiyo pata chanjo yake kwanza: dozi 3 ndani ya miezi 6. Ukija kugundua sindano ilitumika kwa mwingine, wahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU.

Usijaribu kwanza kwa piko, ile hina nyeusi. Rangi ya nywele iliyomo huweza kuchubua vibaya. Hina halisi, ya kahawia, haina neno.

Kama una ndoto ya Polisi au Uhamiaji, soma matangazo yao ya ajira: wanakataa wenye michoro mwilini.

Usichorwe wakati wa kupulizia salfa mikorosho, vumbi lake lisije likaingia kidondani. Ukishachorwa, osha kwa maji safi na sabuni ya kawaida mara mbili kwa siku, paka vaselini nyembamba. Usimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili, zile antibayotiki. Bahari iache wiki tatu au zaidi, hadi ngozi ifunge kabisa. Si kweli kwamba maji ya chumvi yanaponya, yana bakteria wanaoingia kidondani. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, hivyo sikiliza joto, uvimbe na maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu. Ukiona usaha au homa, njoo.

Na dada yako mlete kliniki ya ngozi mapema. Nundu ikiwa bado ndogo, sindano za kuilainisha hufanya kazi vizuri zaidi.