Muulize Shangazi: Nimeombwa Kumsemea Mtoto Asiye Wangu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mama wa watoto wanne, na ninauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Miezi mitatu iliyopita Afisa Ustawi wa Jamii aliniomba nijitolee kumtembelea binti wa miaka tisa aliyewekwa katika malezi ya kambo, yaani kulelewa kwa muda na familia isiyo yake, kwa familia moja ya Igoma. Nizungumze naye, nifuatilie shule na afya yake, kisha nimpe afisa taarifa, ili shauri lake litakapotajwa tena mahakamani awepo mtu anayejua mtoto mwenyewe anataka nini. Nilikubali haraka, kwa sababu dada yangu anayeishi Marekani hufanya kazi kama hiyo na huisifu sana. Sasa nimechoka. Mzigo ukishuka alfajiri siwezi kuondoka sokoni kabla ya saa nane. Mume wangu ananiuliza ninalipwa nini. Mama mlezi ananiona mpelelezi, na analalamika kuwa binti ni mwizi kwa sababu huficha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, chini ya godoro. Juzi mtoto aliniuliza, "Mama, nitahamia kwako lini?" Nikamjibu, "Tutaona." Tangu siku hiyo silali vizuri. Niendelee au niache? (Mama Dagaa, Kirumba)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo "tutaona", maana ndilo linalokunyima usingizi, na lina haki ya kukunyima. Mtoto aliyekwisha kuhamishwa nyumba mara mbili tatu halisikii neno hilo kama tunavyolisikia sisi watu wazima; yeye husikia "ndiyo", kisha huanza kuhesabu siku. Ninalijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilimwahidi mvulana mmoja niliyekuwa nikimtembelea kwamba Jumapili ningempeleka kisiwani Saanane kuona wanyama. Jumapili ilipofika nilipata wageni, nikajisemea kuwa wiki ijayo si mbali. Mlezi wake alinieleza baadaye kwamba mtoto alikaa kizingitini tangu saa mbili asubuhi, viatu vimepigwa kiwi mpaka kwenye soli, na usiku ulipoingia alikataa kuvivua. Mwezi uliofuata tulikwenda Saanane. Akawatazama wanyama mmoja baada ya mwingine, akanyamaza njia nzima, kwenda na kurudi. Ilipita karibu nusu mwaka kabla hajaniambia tena jambo lolote la maana.

Kwa hiyo, safari ijayo mwambie waziwazi kwamba hatahamia kwako, kwamba kazi yako ni kumjia siku mliyokubaliana, kumsikiliza, na kuyafikisha maneno yake kwa afisa bila kuyapunguza. Huenda akalia. Kaa naye mpaka amalize, wala usimnunulie soda ili anyamaze. Na kama ukijichunguza ukaona kwamba kweli unamtaka awe wa nyumbani kwako, nenda kwa Afisa Ustawi ukaombe kuwa mlezi kwa utaratibu unaotakiwa, na kazi hii ya utetezi uiache siku hiyo hiyo, kwa kuwa anayemtaka mtoto hawezi kutoa taarifa ya haki juu ya nyumba anayoishi mtoto huyo sasa.

Kuhusu dada yako, usijipime kwa kipimo chake. Huko Marekani kazi hiyo ilianzia Seattle mwaka 1977, pale Jaji David Soukup alipoona kwamba anaamua maisha ya watoto walionyanyaswa au kutelekezwa huku akiwa na habari chache mno juu yao, ndipo akatafuta raia wa kawaida wa kujitolea, wafunzwe, wateuliwe na mahakama, na kila mmoja ashike mtoto mmoja au wachache tu. Mtetezi wa kule huingia mahakamani akiwa na taarifa yake mkononi. Wewe hukuteuliwa na hakimu. Umeombwa na afisa, na taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ile inayopelekwa mahakamani, ni yake yeye. Usidhani kwamba hilo linaifanya kazi yako kuwa ndogo, kwa sababu afisa mmoja anabeba mafaili ya watoto wengi, na hawezi kujua kwamba huyu wa Igoma amekosa shule siku tatu asipoambiwa na mtu aliyefika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Haki hiyo inahitaji miguu ya kuifikisha, na kwa sasa miguu hiyo ni yako. Mwombe afisa akuandikie barua ya utambulisho, ili ukifika shuleni au zahanati usionekane mpita njia.

Unachokiandika kiwe ulichokiona na ulichokisikia. "Mtoto hana furaha" ni maoni yako, na hakimu hana la kufanya nayo. Lakini ukiandika kwamba Jumamosi saa tisa alasiri ulimkuta amekaa nje na kiatu kilichoachama, akakueleza kuwa mwalimu alimrudisha nyumbani kwa sababu hiyo, afisa anajua aanzie wapi. Daftari hilo lisilale mezani pako sokoni, na habari za binti zisisimuliwe penye magunia. Pale Mwaloni neno likitoka asubuhi, jioni limekwisha kuvuka ziwa. Picha yake usiiweke kwenye simu ikaonekana na watu. Ukiona alama za kipigo, au ukisikia jambo la kutisha, usisubiri Jumamosi nyingine: mweleze afisa siku hiyo hiyo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ambayo ni bure.

Sasa michembe. Hapo, mwanangu, simwoni mwizi. Mtoto aliyewahi kulala na njaa huweka akiba popote anapoweza, hata katika nyumba ambayo sufuria haikauki, kwa sababu tumbo lake bado halijaamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Mshauri mama mlezi atafute kopo lenye mfuniko, amwambie binti kwamba hilo ni lake, alijaze michembe mbele ya macho yake, na likipungua aliongeze bila kuuliza. Kaa na mama huyo jikoni mkilipanga jambo hili, mkimenya viazi pamoja, maana upelelezi anaouogopa utapungua akiona kwamba umekuja pia kumwondolea mzigo. Mkumbuke kwamba na yeye anabeba jina zito. Sheria imeyaita malezi haya "ya kambo", na mitaani kwetu mama wa kambo ni yule wa hadithi, anayemnyima mtoto wa mwenzake chakula. Binafsi sijalipenda neno hilo hata kidogo. Mwanamke amefungua mlango wake kwa hiari, nasi tumempokea kwa jina la kumshuku.

Kuhusu muda, wewe una kalenda ambayo wengi hawana. Mbalamwezi ikikolea, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na soko linapoa. Siku hizo mtembelee kwa nafasi, upite na shuleni kumwona mwalimu. Wakati wa giza, mzigo unapokuwa mwingi, fika kwa nusu saa tu, lakini fika Jumamosi ile ile mliyokubaliana. Na ukikwama, mpigie simu mama mlezi kabla ya saa uliyoahidi, kisha uombe kuzungumza na mtoto mwenyewe. Mume wako naye mweleze hesabu kamili ya nauli na masaa, kwa sababu ninahisi anachokiuliza si malipo, bali ni saa ngapi utarudi.

Umeniuliza uendelee au uache. Endelea mpaka shauri litajwe. Ukiona huwezi kufika hapo, mwambie afisa mapema, na mwage binti wewe mwenyewe, uso kwa uso.

SWALI: Shangazi, salamu kutoka Buhongwa. Mimi ni mlezi wa kambo wa mvulana wa miaka 11. Kila wiki huja kijana mmoja wa kujitolea na daftari, huketi sebuleni akamhoji mtoto, naye hajibu kitu. Kijana akiondoka mimi ndiye ninayebaki na hasira za mtoto. Je, ninaweza kumkataza? (Mama Mlezi, Buhongwa)

JIBU: Usimkataze, dada, ila mhamishe. Mwombe kwanza akusomee yale aliyoyaandika kukuhusu wewe na nyumba yako. Mwenye nia njema atakusomea. Yale aliyoambiwa na mtoto kwa siri yaache yabaki yao. Kisha liondoe suala la sebule, kwani mvulana wa umri huo akikalishwa kwenye kochi na kuulizwa "unajisikiaje?" atahesabu vigae. Wape ndoo mbili waende bombani, au wape dagaa wachambue kivulini, vichwa huku na mchanga kule, na daftari libaki ndani mpaka kijana atakapokuwa anaaga.