Mbwa wa kuokota kachangamka, nimgawe sasa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi jana niliokota mbwa koko huku Tabata, kajaa kupe, damu zinamtoka puani na fizi nyeupe kama karatasi. Kumpima wakasema ana erlikia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, nikapewa doksi (doksisaiklini, dawa ya kuua vijidudu). Nimempa siku kumi akachangamka, anakula, anabweka, nikaacha dawa. Mimi nimepanga na mwenye nyumba hataki mbwa, nilimchukua kwa muda tu. Kuna kaka yuko Morogoro anamtaka wikiendi hii. Nimpe? Na ni lazima nimwambie aliumwa? Naogopa akisikia atamkataa.

JIBU: Marahaba dada, na hongera, wengi wakikuta mbwa wa hivyo wanamruka tu wanaendelea na safari. Ila wikiendi hii usimpe. Ongea na mwenye nyumba akuvumilie kama mwezi hivi, na sababu ni hizo siku kumi.

Erlikia ina kamchezo kake. Mbwa akianza doksi mara nyingi siku mbili tatu tu anainuka anatafuta chakula, wewe unaona kapona unaweka dawa kabatini, kumbe kijidudu bado kimejibanza kwenye wengu, na anaweza kukaa nacho miezi hata miaka huku ananenepa vizuri tu, halafu kinakuja kuibuka kimeshaua uboho wa ndani ya mifupa, damu haitengenezwi tena, na akifika hapo wengi hatuwapati. Sasa hilo litokee akiwa Morogoro, kwa mtu aliyeambiwa kapewa mbwa mzima. Atakurudishia, au usiku mmoja geti litasahaulika wazi.

Kwa hiyo mrudishe kwa daktari wake apimwe damu, hasa chembe sahani zile za kugandisha damu, maana mbwa mzima anatakiwa awe nazo kama 200,000 kwenda juu kwa kila maikrolita. Kisha dozi mnaianza upya, siku 28 bila kuruka hata moja. Kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, yaani mbwa wa kilo 15 anakula kidonge cha 100 kimoja na nusu. Mpe na ugali wa dagaa, sio maziwa, na anywe maji baada ya hapo, kidonge kikikwama kooni kikavu kinaunguza. Damu ikimtoka tena puani usije ukampa aspirini wala diklofenaki, utamuongezea kutoka damu.

Kupe nao. Huyu kupe wa kahawia anaishi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na chini ya mkeka, ukimtibu mbwa ukaacha banda umefanya kazi nusu, na kaka wa Morogoro naye apulizie kwake kabla mgeni hajafika. Na tafadhali msimpake oili chafu! Juzi kuna mbwa kaletwa kapakwa mwili mzima, nimemuosha kwa sabuni ya vyombo mara nne maji bado meusi, na kupe masikioni wapo wametulia.

Kuhusu kumwambia, mwambie kila kitu, tena leo kwa simu, usisubiri stendi. Mpe karatasi za vipimo, tarehe ulizompa dawa, na hela uliyotumia ili ajue gharama zikoje. Mwambie pia kile kipimo cha haraka cha kinga, kinachotafuta kinga ya mwili na sio kijidudu chenyewe, kinaweza kuendelea kusoma ana ugonjwa miezi mingi baada ya kupona, asije akapigwa dozi nyingine bure, cha kuangalia ni chembe sahani na hali yake. Akimkataa baada ya kusikia hayo, basi huyo asingemuuguza hata kidogo, ni afadhali umjue sasa. Akikubali mpatane kabisa, ikishindikana anarudi kwako, hagawiwi kwa mwingine.

Kabla ya kusafiri achanjwe kichaa cha mbwa, cheti kiende naye, na umuulize afisa mifugo wa halmashauri habari za kibali cha kumsafirisha. Kuhasi kusubiri, hakatwi mtu mpaka damu yake igande vizuri.

Halafu mpime uzito upya kabla ya kuanza dawa. Panda mzani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Ile dozi ya mwanzo ilipigiwa hesabu akiwa mifupa mitupu, sasa hivi nina uhakika haimtoshi.