Kwani Mzee Alikuwa Anajifukiza? Kwa Wanaoanza Kuhariri Video

Video yangu ya kwanza ya msiba ilionyeshwa kwenye skrini kubwa chini ya hema, kijijini upande wa Masaka, Uganda. Ilipofika picha ya marehemu, bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa sauti, "Kwani mzee alipigwa picha akijifukiza?" Watu wakacheka, tena msibani. Mimi nikajifanya natafuta waya.

Nilirudi Kampala nikiilaumu programu, kisha kompyuta, kisha mwenye projekta. Kumbe kosa lilikuwa langu. Picha yenyewe ilikuwa pasipoti saizi. Mtu aliipiga kwa simu, akaitupia kwenye kundi la familia la WhatsApp, mwingine akaikamata kwa picha ya skrini, ndiyo nikaletewa. Mwishowe ilikuwa imebaki na upana wa pikseli 480 (vile vinukta vya rangi vinavyounda picha) na urefu wa 640, na video yangu ilikuwa 1920 kwa 1080. Nikaivuta mara nne ili ijaze skrini. Ukivuta mara nne kwa upana, na mara nne kwa urefu, pikseli moja inalazimika kufanya kazi ya pikseli 16. Zile 15 ambazo hazikuwepo, programu haijui zilikuwa na nini. Inakisia kwa kuchanganya rangi za majirani, na mchanganyiko huo ndio ukungu mnaouona.

Kwa hiyo picha ikifika, kabla hujaigusa, angalia vipimo vyake. Picha ya simu ya megapikseli 12 huwa na takriban pikseli 4000 kwa 3000, hiyo utaisogelea mpaka mara mbili na bado itakuwa kali. Ukitaka kusogea polepole kwenye uso hadi asilimia 130, piga hesabu: 1920 mara 1.3 ni 2496. Picha yenye upana chini ya hapo iache ilivyo.

Namba ya dpi, yaani nukta kwa kila inchi, isiwasumbue mkishaingia ndani ya video, huko haihesabiki. Inahesabika kwenye skana. Pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ukiiskani kwa dpi 300 unapata pikseli kama 413 kwa 531. Ukipandisha hadi 1200, karatasi ileile inakupa 1654 kwa 2126. Ukimpelekea mtu mwenye skana, mtajie namba mwenyewe, maana mashine nyingi zimekaa kwenye 300 kwa ajili ya vyeti.

Na picha za WhatsApp hamtazikwepa. Mimi siku hizi nasema hivi: "Mama, naomba picha ileile, ila uitume kama dokumenti, si kama picha." Akiuliza tofauti yake nini, namwambia moja inapunguzwa njiani na nyingine inafika nzima. Mara nyingi anaelewa haraka kuliko mwanawe anayejiita fundi.

Sasa kuna mtego ulio ndani ya programu yenyewe, na huu umewatesa hata wazoefu. Kwenye Premiere Pro, programu ya kuhariri video ya Adobe, matoleo mengi yamekuwa na amri mbili zinazofanana kama mapacha: "Scale to Frame Size" na "Set to Frame Size". Zote zinaikalisha picha kwenye fremu, yaani eneo lote la video. Ya kwanza inaibana picha na kuihesabu upya kwa ukubwa wa fremu, hivyo hata kama ulileta pikseli 4000, ukiisogelea baadaye unavuta ile iliyobanwa. Ya pili inabadilisha tu asilimia ya ukubwa, na pikseli zako zote zinabaki mkononi. Ukiona picha nzuri inaingia ukungu kila unaposogea, kabla ya lolote angalia kama hukuweka alama kwenye ile ya kwanza.

Halafu kuna ukungu wa uongo. Kijana mmoja hapa kwetu alizirudia picha za kwanjula nzima, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, usiku kucha, kila gomesi, lile gauni la heshima la wanawake, anaiona imefifia. Asubuhi nikaangalia dirisha lake la kutazamia: lilikuwa limewekwa robo ya ubora ili kompyuta isikwame. Picha hazikuwa na tatizo lolote. Rudisha ubora kamili, simamisha video, ndipo utoe hukumu.

Kuhusu kile kitelezi cha kunoa picha, kitumieni kama pilipili kichaa. Kinaongeza tu tofauti kati ya weusi na weupe kwenye kingo. Ukizidisha, uso unazungukwa na mstari mweupe kama malaika wa kuchorwa. Zile zana za akili bandia za kukuza picha nazo zinajaza kwa kubuni. Kwa nyumba au gari, haya. Kwa uso wa marehemu, wajukuu watakwambia huyo si babu yetu, na watakuwa sahihi.

Picha ndogo usilazimishe ijaze skrini. Iweke katikati kwa ukubwa wake, nyuma yake weka kitu. Wengi wanaweka nakala ya picha hiyohiyo iliyofifishwa, mimi imenichosha. Nilipiga picha kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Baganda hukitumia kwenye mazishi, na sasa ndilo mandhari yangu ya misiba.

Mkimaliza, kwa video ya 1080 yenye fremu 25 au 30 kwa sekunde msishuke chini ya megabiti 8 kwa sekunde, ndicho kiwango ambacho YouTube wanapendekeza. Kisha mpeni mteja kwa flashi. Mkiituma WhatsApp kama video ya kawaida, kazi yote mmeirudisha jikoni.

Familia ile ya Masaka iliniita tena kwenye lumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba. Nilikwenda mwenyewe kuichukua pasipoti, nikaiskani kwa 1200, nikaikalisha juu ya lubugo. Bibi yule alikuwepo, mbele vilevile. Safari hii aliuliza ni nani alimwachia mzee aende studio na shati lisilo na kifungo cha juu.