Wakuu, msaada: namna ya kuuliza swali la programu likajibiwa

Nimekaa miaka mingi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya waandika programu, ya Nairobi na ya Dar es Salaam, nikiuliza na nikijibu. Maswali mengi yanayopita bila jibu wala si magumu. Anayetaka kusaidia anakosa pa kuanzia tu. Na anayejifunza akinyamaziwa mara mbili tatu huanza kuamini fani hii si yake, akaacha. Hilo linaniuma, maana dawa yake ni ndogo.

Ujumbe wa aina hii nauona kila mara: "Habari wakuu, kuna mtaalamu wa Python humu?" Halafu kimya. Atakayeitika "nipo" anajifunga kujibu swali asilolijua, huenda la dakika moja, huenda la kumaliza siku. Kusalimia ni uungwana, usiache. Ila swali lenyewe liwe kwenye ujumbe huohuo. Na usijishushe kwa kusema "samahani kwa swali la kijinga". Sema ndiyo kwanza unaanza kujifunza, hiyo ni habari muhimu kwa anayejibu, atajua aeleze kwa kina gani. Ujinga haumo.

Kuna kijana alikuwa anaunganisha malipo ya M-Pesa kwenye tovuti ya duka kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom kwa ajili ya waandika programu. Akaandika: "STK Push imegoma, nimejaribu kila kitu." Chini yake akaweka picha ya laptopu aliyoipiga kwa simu, mwanga wa taa umemulika skrini, maandishi yamekatika kwa chini. Majibu yakamiminika: badilisha tokeni, sakinisha maktaba (library) upya, hamia lugha ya PHP. Nikamwomba anakili maandishi ya kosa na kuyabandika kama yalivyo. Kumbe yalisema "Bad Request - Invalid CallBackURL". Nikaomba mstari wa msimbo (code) wenye hiyo CallBackURL, yaani anwani ya kupokelea matokeo. Ulikuwa na http://localhost:3000/callback.

Hapo kila kitu kikawa wazi. STK Push humletea mteja ombi la kuweka PIN kwenye simu yake. Akishalipa au kughairi, seva za Safaricom hutuma matokeo kwenye anwani uliyoitaja. Sasa localhost ni jina ambalo kompyuta hujiitia yenyewe. Seva iliyo nje haiwezi kuifikia laptopu yako kwa jina hilo. Alihitaji anwani ya https inayofikika kutoka intaneti, na kwa majaribio programu iitwayo ngrok humpa mtu anwani ya muda. Akaiweka, ikakubali. Mstari uliotaja tatizo ulikuwa kwenye skrini yake muda wote, ndio uliokatika pichani.

Kwa hiyo bandika maandishi ya kosa, yote. Usiyafasiri. Maelezo yako yawe ya Kiswahili kizuri, lakini ujumbe wa kosa ubaki kwa Kiingereza chake, kwa sababu anayejibu huutambua kwa maneno yale yale, au huunakili akautafuta. Ukiwa na Python, anza kusoma chini: mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa, mathalani ModuleNotFoundError, na juu yake utaona jina la faili na namba ya mstari. Taja toleo la lugha na la maktaba unayotumia. Badala ya "nimejaribu kila kitu", sema umejaribu nini na kila mara kikatokea nini. Kama msimbo umeutoa ChatGPT au kwenye video, sema pia. Anayejibu atajua kwamba huenda kuna sehemu hujazielewa, naye ataanzia hapo.

Msimbo wenyewe upunguze. Usitume faili lenye mistari mia nne ukategemea mtu alisome kwenye simu, ndani ya daladala. Ondoa kisichohusika kidogo kidogo, ukiendesha tena kila ukiondoa, mpaka kibaki kipande kidogo ambacho bado kinaleta kosa lile lile. Kazi hii inachosha, lakini naipenda kuliko ushauri mwingine wote, kwa sababu wengi hulipata jibu kabla hawajamaliza kupunguza.

Kabla ya kutuma, futa siri. Kwa Daraja ni consumer key, consumer secret na passkey; kwa hifadhidata ni nywila. Zikishatoka kwenye kundi la watu mia mbili, kufuta ujumbe hakutoshi. Zibadilishe siku hiyohiyo.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, ina desturi zake. Jeff Atwood na Joel Spolsky waliianzisha mwaka 2008 ili iwe hazina ya majibu kwa watakaokuja baadaye, ndiyo maana swali lililokwisha kuulizwa hufungwa na kuelekezwa kwenye lile la zamani. Usilichukulie kama tusi, fuata kiungo usome. Lakini wapo pia wanaomjibu mgeni kwa dharau, huko na kwenye makundi yetu, na hao siwatetei. Mtu kama hana subira na anayeanza, apite tu.

Stack Overflow ina matoleo ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili halipo, na tunayojibizana WhatsApp hayaonekani kwenye Google. Kwa hiyo swali lako likishatatuliwa, rudi ujibu chini ya ujumbe wako wa kwanza: kosa lilisema nini, chanzo kilikuwa nini, umebadilisha mstari upi. Kosa liandike tena lilivyo, ili atakayekwama hapo mwezi ujao akitafuta maneno hayo ndani ya kundi alikute jibu.