Shangazi, niliacha lini kushangaa?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, naishi Kigamboni, kazi yangu ni ya forodha huko mjini. Huu mwaka wa kumi na mbili navuka na pantoni asubuhi na jioni. Likizo hii ya mwezi wa sita mtoto wa dada yangu amekuja kwetu kutoka Kondoa. Ana miaka tisa, bahari hajawahi kuiona. Juzi nilivuka naye, meli ya makontena ikawa inaingia bandarini. Akapiga kelele, "Mjomba, ghorofa linatembea!" Abiria wakacheka. Nikamvuta mkono, nikamwambia aache ushamba. Akanyamaza mpaka ng'ambo. Jioni tunarudi akaniuliza kwa sauti ya chini, yale maji ya asubuhi yameenda wapi. Nikamjibu, "Utaelewa ukikua." Shangazi, mimi nimekua na sielewi. Tangu siku hiyo najiuliza niliacha lini kushangaa, na kama mtu wa umri wangu anaweza kurudi. Mjomba, Kigamboni.*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nimekwama pale mtoto aliponyamaza. Basi tuanzie hapo. Leo ukitoka kazini mwite, ukae naye, umwambie: "Siku ile niliwaonea watu aibu. Wewe hukukosea. Lile ni ghorofa kweli, na linatembea." Usimnunulie soda badala ya maneno hayo. Mtoto aliyeitwa mshamba mbele za watu hujifunza upesi kufunga mdomo, na akishazoea kuufunga, hata macho huacha kutafuta.

Nadhani ndivyo ulivyopotezwa wewe pia, ingawa hukumbuki siku yenyewe. Mjini kwetu kushangaa ni kosa. Simama Kariakoo uangalie juu: hujamaliza kuhesabu ghorofa, simu imeshatoka mfukoni. Mama zetu walitutuma dukani wakituambia "usishangae-shangae njiani," na walisema hivyo kwa mapenzi. Tukajitengenezea uso wa mjini: macho mbele, begi kifuani, hakuna kinachotushtua. Uso ule una kazi yake, na Kariakoo usiuvue. Lakini wewe umepanda nao pantoni miaka kumi na miwili, ukaingia nao nyumbani, ukamkabili nao mtoto.

Na uchovu upo, siwezi kuuruka. Ada, kodi ya nyumba, foleni, bosi anayepiga simu saa tatu usiku. Mtu aliyechoka hivyo haoni kitu, na hana dhambi. Ila nikuulize kama mzazi: chakula bado kina ladha? Usingizi unakuja? Kama wiki zinapita na hakuna kinachokufurahisha, nenda ukamwone daktari, usingoje kunijibu mimi.

Sasa swali lako, kama mtu anaweza kurudi. Marehemu mama yangu alipika vitumbua Magomeni zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa akimimina ule uji wa mchele kwenye chuma, moshi unamuuma macho, wateja wamesimama na sahani zao, naye anasubiri. Pembeni kunaanza kukauka, katikati vinatoboka vitundu vidogo kimoja baada ya kingine, kisha kitumbua kinainuka. Hapo alikuwa ananigusa goti: "Tazama, kinavuta pumzi." Alipokuwa na miaka sabini na kitu, magoti hayamruhusu tena kukaa kwenye kibao, bado alikuwa ananiita jikoni nitazame. Alijua ni hamira, na alikuwa mkali sana kuhusu hamira, akiipima kwa vidole. Kujua kwake hakukumzuia kutazama. Nadhani ndiko kulikomrudisha kutazama kila asubuhi, kwa sababu alijua mahali pa kuweka macho.

Ndiyo maana nataka uanze na lile swali ulilolikimbia. Maji hayajaenda mbali. Mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na wa jua, huyainua maji ya bahari, na dunia inavyozunguka, pwani yetu hupita kwenye maji yaliyoinuka mara mbili kwa siku. Katikati yake maji hupwa. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50 kila siku, na bahari huchelewa nao. Kwa hiyo wewe unavuka saa ileile ya kazini, lakini bahari unayoivuka leo si ya jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Dar hupita mita tatu. Mita tatu, mwanangu! Ni zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba yako. Miguu yako inalijua hili: kuna asubuhi unashuka mteremko mrefu mpaka kwenye pantoni, na kuna siku maji yako hapa tu. Mvuvi yeyote pale Feri angekueleza. Ni kwamba hujamuuliza.

Usimpe mtoto majibu haya yote kwa mkupuo. Jumamosi mpeleke pwani ya Mjimwema, achomeke kijiti pale maji yanapoishia, mwandike saa. Jumapili mrudi saa ileile. Atakuuliza maji yamefikaje hapo, nawe umuulize yeye anaonaje. Akisema bahari imelala, au imekunywa chumvi ikavimba, msikilize mpaka mwisho kabla hujautaja mwezi. Usiku mtoke nje muutafute. Simu iache ndani. Kupiga picha baadaye kunatosha, na wewe ndiye unayehitaji kukaa bila simu kuliko yeye.

Abiria watacheka tena, nakwambia mapema. Siku hiyo ghorofa jingine likipita, wewe ndiye uliseme kwa sauti. Nina hakika kuna mtu mzima pale, kabeba mafaili yake, ambaye anatamani kuangalia na anangoja mwingine aanze.

Mwezi wa saba atarudi Kondoa, na hofu yangu ni kwamba na wewe utarudi kwenye simu yako. Kwa hiyo mpe kazi ya kwenda nayo. Mara mbili kwa mwaka jua hutusimamia utosini kabisa, na kitu kilichosimama wima hakitoi kivuli. Hapa Dar ni karibu tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Kondoa iko kaskazini kidogo kuliko sisi, kwa hiyo Oktoba jua hufika kwao kwanza, karibu tarehe 5. Mwambie siku hiyo, baada tu ya saa sita mchana, asimamishe chupa uwanjani na kuitazama mpaka kivuli chake kiingie chini ya chupa yenyewe. Kinafika kama saa sita na dakika ishirini na tano. Kisha aombe simu ya mama yake akupigie.

Akikupigia, pokea, hata kama kontena la mteja limekwama. Mwache aeleze mpaka amalize. Halafu uanze kuhesabu siku zako tano, na wewe utafute chupa.